Shangazi akataa maneno aliyoandikiwa

Saa mbili asubuhi, ukungu bado umekalia vilima vya Maguu, wilayani Mbinga. Bonifasia Kinunda ameinamia kichanja cha kuanikia kahawa, vidole vinachambua punje mbovu, masikio yako kwa wenzake.

"Hiyo mvua inakuja," anasema mmoja.

Bonifasia anajifuta mikono, anatoa daftari mfukoni, anaandika.

Mama huyu wa miaka 38 ni kibarua wa msimu. Miezi minne ya kahawa ikiisha, hurudi kwenye maharage yake. Pia hutunga michezo ya kuigiza ya kikundi cha kijijini chenye watu tisa. Aliishia darasa la saba. Mazoezi ya uandishi amejibunia mwenyewe.

"Nachukua sentensi moja, naipa vinywa vitatu," anaeleza. "'Mvua inakuja.' Mwenye kahawa kichanjani anaisema kwa hofu. Mtoto, kwa furaha. Mwenye nyumba aliyemchoka mgeni anaisema huku akivitazama viatu vya mgeni."

Mwaka jana mazoezi hayo nusura yamkosanishe na nduguye. Alimtunga mjane mchoyo. Watazamaji wakacheka, wakamgeukia shangazi yake, Kunigunda, aliyekaa benchi la mbele. Bibi huyo akainuka, akaenda zake. Wiki tatu hakuitikia shikamoo.

"Ndiye aliyenilea tangu nina miaka sita," anasema Bonifasia. "Nikaona bora niache kuandika."

Akamfuata nyumbani na daftari.

"Shangazi, nisamehe. Hili hapa, litie jikoni."

"Nisomee kwanza."

Akasoma hadi pale mjane anapomfokea jirani: "Sina chumvi, ondoka!"

"Komea hapo," shangazi akamkatiza. "Mchoyo, sawa, ni mimi. Lakini mimi nafukuza mtu? Mimi ningesema, 'Karibu mwanangu, kaa. Na mimi ndiyo nilikuwa nakuja kwako kuomba chumvi.'"

Wakacheka hadi machozi.

"Nilichukua uchoyo wake, nikaacha akili yake," anakiri Bonifasia. Sasa kila mhusika husomwa kwanza mbele ya Kunigunda, ambaye, akiwa na miaka 71, ameidai nafasi ya mjane.

Baada ya mavuno, kikundi kitateremka Kihagara, ng'ambo ya milima, kuigiza kando ya Ziwa Nyasa.

"Watu wa ziwani wakinyimana wanaambianaje? Sijui," anasema Bonifasia. "Nataka nifike siku mbili kabla, nikae nao wanapoanika dagaa, nisikilize. Shangazi anasema mbili hazitoshi, twende nne."