Reale ya Ufa

Marehemu baba yangu alikuwa na maradhi ya fedha kuukuu. Wenzake pale Kilwa Kivinje walihangaika na minazi na mitumbwi. Yeye alihangaika na reale za Shamu, zile nzito zenye picha ya bibi mnene wa Kizungu, ambazo wakati ule wa Mwingereza hazikununua tena hata kibiriti dukani. Wanawake walizitundika shingoni, au walizipeleka kwa sonara ziyeyushwe zigeuzwe bangili. Baba akisikia reale inakwenda kuyeyushwa alikuwa nusura alie, kisha ananunua kwa bei kubwa.

Wala hakutaka nzima. Alitaka zenye ufa. Aliigonga reale sakafuni asikilize mlio wake, akatazama shanga ndogo za kifungo kilichoko begani mwa yule bibi kama hazijalika, ndipo akautafuta ufa kwa ukucha. Ufa mwembamba aliuita unywele, uliokomaa aliuita mzizi, na ule mnene uliofika hadi ukingoni aliuita mto. Mto ndio ulikuwa daraja la kwanza. Mama alisema angejua mapema kwamba kuna mwanamume duniani anayelipia zaidi kitu kilichopasuka, angemwekea vyungu vyake vyote.

Posa yangu ilitoka Lindi. Mahari ilisuasua muda mrefu, nyumbani wakaanza kunong'ona, kisha msimu wa ufuta ikatimia ghafla, nami nikafurahi bila kuuliza kitu. Baba alinivisha reale moja ya mto, nikaenda zangu kwa mume, Mtanda, mtaa wa huko Lindi. Haukupita muda baba akafariki, nikaletewa kifuko chake cha ngozi chenye reale zilizobaki. Nilikitia chini ya sanduku la nguo bila kukifungua, maana kilikuwa bado kinanuka ugoro wake.

Hofu iliniingia siku ya arobaini ya mwanangu wa kwanza. Nimetoka ndani, nimefukizwa udi, nimevaa reale yangu, na nyumba imejaa wanawake. Shangazi wa mume wangu, aliyemlea tangu utoto wake wa yatima, alikuja kumpokea mtoto. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na vitu vingi alivitambua kwa vidole. Alipoinama, kidole chake kiligusa kifua changu, kikasimama hapo. Ukucha wake ukapita juu ya ufa, kutoka kwenye kifungo cha bega hadi ukingoni, halafu ukarudi.

"Mwanangu," akasema, "reale hii umeitoa wapi?"

"Kanipa baba, shangazi."

"Na baba yako kaitoa wapi?"

Baba alinunua kwa yeyote, kuanzia Kitomanga hadi Lindi, wala hakuwahi kunitajia mtu. Wanawake waliokuwa wakitafuna wakaacha. Kila mtu Mtanda alijua kwamba reale ya shangazi, kitu pekee alichoachiwa na mama yake, iliibwa ndani ya kijaluba chake cha tambuu kabla ya harusi yetu. Na kila mwanamke pale alijua fedha yake kwa alama yake, ili sonara asimbadilishie. Shangazi alijua yake kwa ufa, na ufa wenyewe ndio huo niliouvaa.

"Simwiti mtu mwizi mbele ya kichanga," alisema. "Nilikuwa nangoja aliyeichukua atubu. Sasa nimechoka kungoja. Alhamisi nasomesha albadiri."

Asiyeijua dua hiyo na ashukuru Mungu. Tuliokulia pwani tuliambiwa kwamba humwandama mwizi, humwandama na aliyepokea, haiulizi nani alijua na nani hakujua. Tulisimuliwa habari za matumbo yaliyovimba na watoto waliokauka wakiwa matitini. Mimi nilikuwa nanyonyesha. Kama baba aliiba, au alinunua cha wizi, basi dua ingenikuta mimi na reale yangu shingoni na mtoto kifuani.

Wageni walipoondoka mume wangu alinivutia uani.

"Mpe reale yake, yaishe," akasema.

"Si yake."

"Unajuaje? Mpe tu. Sema baba yako aliinunua bila kujua."

"Nimwite baba yangu mpokea wizi, naye yuko kaburini?"

"Maiti haumwi tumbo, mke wangu. Mpe!"

Nilimpenda sana saa ile, nikidhani anamhofia mtoto.

Asubuhi nilifungua kile kifuko nikamwaga reale mkekani, nikitumaini sijui nini. Nilipapasa moja moja kwa ukucha kama alivyofanya baba. Tatu kati ya hizo zilikuwa na ufa uleule wa kwangu, palepale, kwenye kifungo cha bega. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba baba alikuwa na kalibu mahali, akimimina fedha bandia, na kwamba sasa hata polisi wangekuja. Nilizifunika reale kwa kanga kana kwamba zingepiga kelele.

Mtoto alilala, nami nikazifunua tena. Ndipo nikaona kwamba hazikulingana. Moja ilikuwa unywele, haijafika mbali. Ya pili na ya tatu zilikuwa mzizi. Ya kwangu ilikuwa mto. Nikamsikia baba, maneno ambayo usichana wangu wote niliyasikiliza kwa sikio moja: "Pasua chungu, ufa utaingia ndani. Huu umetoka nje, kama kovu. Kilichopasuka si reale, mwanangu. Ni muhuri ulioipiga." Muhuri mmoja hupiga reale nyingi. Ukipasuka, kila reale hutoka na ufa uleule, na kadiri unavyopiga ndivyo ufa unavyokua.

Jumatano nilikwenda na mtoto kwa shangazi. Mume wangu alitufuata, akambeba mtoto, akabaki amesimama mlangoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umeileta?"

Nilimwekea moja kiganjani. Ukucha ukatembea. "Hii ndiyo yangu," akasema. Nikaichukua, nikampa nyingine. Akapapasa. "Hii ndiyo." Nikampa ya tatu, akasema ndiyo hiyohiyo, mbona namchezea. Nikampa ya nne, ile yenye unywele, akachelewa kidogo, kisha akasema imelika lakini ni yake. Hapo nikamwekea zote nne kwa pamoja.

Alizipapasa kwa muda mrefu. Nilimweleza habari ya muhuri.

"Mimi nilikuwa na moja tu maisha yangu yote," akasema mwishowe. Kisha akanishika mkono. "Nimemsingizia maiti. Nisamehe, mwanangu, naye Mungu amrehemu."

Nililia hapohapo bila aibu. Baba yangu alikuwa mnunuzi wa vyungu vilivyopasuka, basi, si mwizi. Niliona kifua kimekuwa chepesi kama aliyetuliwa mtungi kichwani.

"Kwa hiyo ya kwangu bado anayo aliyeiiba," shangazi akaendelea, akinirudishia reale. "Mwambie mwalimu wa kuisoma albadiri aje kesho vilevile."

"Shangazi, si uache tu?" mume wangu akasema kutoka mlangoni. "Ni reale moja."

"Ni ya mama yangu."

Niligeuka. Jasho lilikuwa likimtiririka hadi kidevuni, likidondokea nguo ya mtoto. Hakunitazama mimi wala shangazi. Alikitazama kile kijaluba cha tambuu kilichokuwa pembeni ya mkeka. Nikakumbuka mahari yangu ilivyosuasua, na ule msimu wa ufuta ilipotimia ghafla, siku zilezile reale ilipoibwa. Aliyepokea ni mimi.

Nilikwenda nikamchukua mtoto mikononi mwake. Alikuwa analia kwa njaa. Shangazi akasogea kunipisha mkekani, akasema nimnyonyeshe, nangoja nini. Nilikaa, maziwa yakinichuruzika hadi kwenye kanga, nikaogopa kumpa.