Kifua cha Mama Povu

Mikono yake niliijua kabla ya uso. Kila asubuhi ilifika kwenye kitanda changu, ikavuta shuka lililolowa jasho la homa, ikatandika jingine. Vidole vilikuwa vyeupe kwenye ncha, vimepasuka kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa juani. Sikuwa na nguvu ya kuinua macho zaidi ya hapo.

"Lala haraka, mwanangu," alisema mwenye mikono. "Shuka bado lina joto la pasi. Likipoa utasema Mama Povu ni mwongo."

Ndivyo walivyomwita katika hospitali ile. Alikuwa mfuaji, mjane, watoto wake wawili wameshajitegemea mbali, na yeye ana miaka kumi na tisa katika chumba cha kufulia nyuma ya jengo, ambako mashine moja inafanya kazi na nyingine imegeuka meza ya kukunjia nguo. Wauguzi walimtania kwamba povu limemwota kwenye viwiko. Naye aliwajibu, "Ninyi mnaitwa kwa vyeo, mimi naitwa kwa sabuni. Tutaona nani atatakata mwisho."

Vitambaa vya watoto wachanga alivipiga pasi pande zote mbili, akianza na pindo, kwa sababu nzi hutaga kwenye nguo mbichi, na yai likijificha kwenye pindo funza wake huingia kwenye ngozi ya mtoto. Hakuna aliyemkagua. Nilimuuliza siku moja ni nani angejua kama angeruka pindo moja tu. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Si mtoto angejua?"

Mwanangu alizaliwa kwa upasuaji, miezi miwili kabla ya siku zake. Kilo moja na robo. Waliponionesha, nilidhani wamenishikia kitambaa kitupu. Kisha kidonda changu kikatunga usaha, homa ikapanda, nikakatazwa kumgusa. Walinilaza chumba kilichopakana na chumba cha joto, wanakokaa watoto njiti, na kati yetu kulikuwa na dirisha la kioo. Niliweza kumwona. Sijui kama ile ilikuwa rehema au adhabu.

"Watoto wa umri huu husahau kupumua," muuguzi alinieleza. "Anapumua vizuri, halafu anaacha, kama mtu aliyekumbuka jambo jingine. Ukimgusa wayo, anarudi. Ila lazima awepo wa kumgusa."

Mashine ya joto ilikuwa moja na watoto walikuwa watatu, kwa hiyo walipeana zamu. Ya mwanangu ilikuwa usiku. Mchana alitakiwa akae kifuani mwa mtu, ngozi kwa ngozi, apate joto na asikie pumzi ya mwenzake asije akaisahau ya kwake. Na mtu huyo, kwa kanuni ya pale, ni lazima awe jamaa wa karibu aliyeandikwa kwenye daftari la mlangoni.

"Jamaa yako yuko wapi?" muuguzi aliniuliza.

Mama yangu alishafariki. Mume wangu ni dereva wa lori, na alikuwa mpakani kwenye foleni siku ya sita. Mama mkwe hatembei hatua kumi bila kushikwa. Nilitazama kioo nikitafuta la kusema. Mwanangu alikuwa amelazwa mezani chini ya taa, na kofia ya sufi imemfunika hadi kwenye nyusi. Kifua chake kilipanda, kikashuka. Kikapanda, kikashuka. Kisha hakikupanda.

Nilipiga kelele. Muuguzi alikimbia, akampiga wayo kwa ukucha mara moja, mara mbili, na mara ya tatu miguu ile kama njiti za kiberiti ikarusha teke. Muuguzi alirudi akitweta. Na wakati huohuo mlango ukasukumwa, Mama Povu akaingia na mzigo wa mashuka.

Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Yule pale. Ni mama mkwe wangu."

"Kumbe! Mama Povu ni mkweo na umekaa kimya wiki nzima?"

Mama Povu alinitazama. Akatazama kioo. Mashuka akayaweka kwenye kiti taratibu, kama vile yana usingizi.

"Mjukuu yuko wapi?" akauliza.

Jioni aliniinamia sikioni. "Kwa hiyo leo nimepata mtoto wa kiume, dereva, ana ndevu zake, na sijawahi hata kumwona." Nikacheka hadi kidonda kikauma. Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Ule ni uongo, mwanangu. Tutautubu sote wawili. Lakini kwanza mtoto aongeze uzito."

Tangu hapo alianza kufua kabla hakujapambazuka ili ifikapo saa nne awe amemaliza. Alijisugua mikono hadi mabegani, akavaa gauni safi alilolihifadhi kwenye mfuko wa nailoni, akafungua vifungo, akamweka mwanangu kifuani. Hapo alikaa hadi saa kumi na mbili jioni. Kisha alirudi kupiga pasi. Hakuwahi kunieleza kwamba amechoka. Nilijua kwa jinsi alivyoinuka kitini, akishika ukuta kwanza.

Nami nilikaa upande wangu wa kioo nikimtazama kidole. Kidole chake cha shahada hakikuondoka kwenye wayo wa mwanangu. Uso wa Mama Povu ulipokuwa umetulia, nami nilitulia. Kidole kilipochezacheza, nilibandika uso kwenye kioo mpaka nione kofia ya sufi imetikisika. Niliogopa mchana na niliogopa usingizini. Niliogopa hata kumwomba Mungu kwa sauti, nisije nikamkumbusha kwamba mtoto yule yupo.

Siku ya tisa homa ilianza kushuka, na ujinga ukanipanda.

Mama Povu alikuwa amesinzia kitini, kichwa kimeangukia begani, mwanangu kama chura mdogo kifuani pake, kidole bado mahali pake. Nikampiga picha kupitia kioo. Nikaituma kwenye kundi la akina mama wa kanisani kwetu, na chini yake nikaandika: "Huyu ni mfuaji tu wa hospitali. Si ndugu yangu wala jamaa yangu. Siku tisa amembeba mwanangu. Jifunzeni upendo."

Nilijiambia ni shukrani. Labda nusu yake ilikuwa shukrani. Maana baada ya hapo sikumtazama tena Mama Povu, nilitazama simu. Mioyo myekundu ilipanda kama maziwa jikoni. "Una roho nzuri, mama." "Mungu akuinue kwa ushuhuda huu." Mimi! Mimi niliyelala kitandani ndiye niliyesifiwa, na sitaficha, ilininogea. Mke wa mchungaji akaisambaza, na wengine wakaisambaza zaidi. Siku hizi mtu hampi mwenzake kikombe cha maji bila wa tatu kusimama na simu, na nilikuwa nimewasema sana watu wa namna hiyo.

Kesho yake, saa tano, muuguzi aliingia na macho chini. "Unaitwa kwa Matroni. Wewe na Mama Povu."

"Na mtoto?"

"Nimembeba mimi kwa sasa. Lakini nina wagonjwa kumi na wanne, mama. Msikawie."

Nilitembea nikiwa nimeshika kidonda. Matroni, msimamizi wa wauguzi wote, alikuwa na simu mezani, na kwenye simu ilikuwepo picha yangu. Kando yake daftari la mlangoni lilikuwa wazi. Mama Povu alisimama na lile gauni lake safi, hajaketi kwa kuwa hajaambiwa aketi.

"Hapa pameandikwa 'bibi wa mtoto'," alisema Matroni. "Na hapa pameandikwa 'si ndugu wala jamaa'. Nisome wapi?"

Akalisukuma daftari mbele yetu.

"Mnajua kwa nini kuna kanuni? Huyu mama anashika mashuka yenye damu na usaha ya wodi zote. Mtoto wa kilo moja akipata kijidudu kimoja, tunamzika. Sisemi kwa kutisha, nimeshawafunga sanda." Sauti yake ilitetemeka kidogo, na hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote. Angekuwa mkali tu ningemchukia. Lakini alikuwa anasema kweli. Nilikuwa nimemnunulia mwanangu joto bila kuuliza bei yake.

"Kosa ni langu, Matroni," alisema Mama Povu. "Niliona nafasi nikajipenyeza. Binti alikuwa na homa, hakujua analosema. Niandikie mimi."

Nilipaswa kufungua mdomo pale pale. Sikufungua. Nilihesabu vigae vya sakafu, nikafika kumi na saba, huku nikiwaza: nikikiri watanitoa, na mwanangu atabaki na nani? Mwanamke yule alikuwa anaitoa kazi yake ya miaka kumi na tisa kama anayempisha mtu kwenye benchi, na mimi nilihesabu vigae. Nikamkumbuka Bwana aliyejifunga kitambaa kiunoni akawaosha wenzake miguu, na yule rafiki yake aliyemkana palipokuwa na moto wa kuota. Kumbe mtu anaweza kumkana mwenziwe kwa kunyamaza tu.

"Si kweli," nikasema. Sauti ilitoka kama ya paka. "Mimi ndiye niliyedanganya. Yeye aliuliza tu mtoto yuko wapi. Na picha ni yangu. Hakuniruhusu, alikuwa amelala."

Matroni alivua miwani. "Miaka yote nikiwa ofisini humu, sifa ndizo zinazogombaniwa. Makosa hayana mwenyewe. Leo mnanigombania kosa." Akafuta miwani kwa muda mrefu kuliko ilivyochafuka. "Mama Povu, utapata barua ya onyo. Chumba cha joto usikanyage tena. Rudi kwenye kazi yako."

"Ahsante, Matroni."

"Na wewe, njoo nikupime." Akaniweka kipimajoto kwapani. Tukasubiri. "Homa imeondoka tangu jana jioni. Usaha umekauka. Unaoga, unavaa gauni la hospitali, unambeba mwanao."

"Nitamuua," nikasema. Sikupanga kusema hivyo. "Matroni, mimi sijui. Yeye ndiye anayejua."

"Hata yeye kuna siku hakujua."

Nje, kwenye korido, nililia nikamwomba Mama Povu anisamehe. Nikatoa simu. "Nitaifuta sasa hivi, mama."

"Ufute usifute, maji yameshamwagika." Alikuwa anavifunga vizuri vifungo vya gauni lake, lile ambalo hangelihitaji tena. "Ila siku nyingine, mwanangu, ukitaka kunishukuru, nishukuru mimi. Si niko hapa?"

Niliona aibu kama niliyevuliwa nguo. Siku tisa, na neno ahsante nililiandikia watu mia mbili, yeye sikumwambia hata mara moja.

"Ahsante," nikasema.

"Haya, nimepokea. Nenda, mtoto anapoa."

Walinikalisha kwenye kiti kilekile. Muuguzi alimweka mwanangu kifuani pangu, akatufunga pamoja kwa kitambaa, akakimbilia wagonjwa wake. Alikuwa mwepesi mno. Nilidhani ngozi yake itachanika nikivuta pumzi kubwa, nikawa napumua kwa vipande. Nilitafuta wayo kwa kidole, nikapata kisigino, nikapata kifundo, nikaupata. Ulikuwa mdogo kama ncha ya kidole gumba changu.

Tulikaa hivyo labda nusu saa. Kisha nikahisi kimya. Si sikioni, kifuani. Ile pumzi ndogo iliyokuwa ikinigusagusa ilikuwa imekoma.

Niligusa wayo. Hakuna kitu. Nikagusa tena. Nikainua macho kwenye kioo, na pale, upande ule niliolala siku zote, alisimama Mama Povu na mzigo wa mashuka. Alikuwa amekuja kutandua kitanda changu. Alikuwa ameona.

Hakukanyaga kizingiti. Aliyaacha mashuka yaanguke sakafuni, yale mashuka yake, akainua kiganja cha kushoto, na kwa ukucha wa mkono wa kulia akakipiga katikati. Si kugusa. Kupiga. Tena. Tena, kwa nguvu, uso umekunjamana kana kwamba anakasirika.

Nikaelewa kwamba nilikuwa nambembeleza. Nikakikunja kidole, nikampiga mwanangu wayo kwa ukucha kama ninayemchukia. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu alijikunja, akarusha teke kwenye mbavu zangu, akavuta hewa kwa sauti ya mlango mdogo unaofunguliwa.

Nilipotazama tena, Mama Povu alikuwa amepiga magoti. Nikadhani anaomba. Huenda aliomba pia, lakini mikono yake ilikuwa inaokota mashuka, moja baada ya jingine, na yote akayaweka upande wa nguo chafu, kwa kuwa yalishagusa sakafu na yangerudi kufuliwa upya. Aliinuka akishika ukuta. Akanipungia kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa imejaa, akatoka.

Sikuwa na mkono wa kushika simu. Kidole changu kilikuwa kwenye wayo, na sikuthubutu kukiondoa.