Mkanda wa Babu Niliougeuza Akala

Mwanangu, kuna siku moja siisahau hata nikitaka. Nilikuwa kijana, fundi wa akala, viatu vya wazi, katika kibanda cha mjomba wangu Mutiso pale soko la Kariokor. Ngozi iliniishia, na mteja amenisimamia. Nikauona mkanda mkuukuu msumarini, laini ajabu. Nikaukatakata. Akala zikatoka maridadi, nami nikajisifu!

Mjomba aliporudi, akautazama ule msumari mtupu.

"Mkanda wa baba uko wapi?"

Nikamwambia umeondoka na miguu ya mteja. Tena nikacheka, Mungu anisamehe.

Hakunipiga. Aliinama, akaokota kipande kilichobaki sakafuni, akanipa. "Babu yako alikuwa mpagazi, alifunga mizigo ya jeshi kwa mkanda huu, katika vita vya kwanza vya Wazungu. Alama yake aliichoma mwenyewe katikati. Kariokor ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wale lililogeuka ndimini mwetu, na wewe hujauliza hata mara moja." Kile kipande hakikuwa na alama. Nilikificha kwa aibu.

Sasa sikia! Juzi alinijia kibandani binti wa Kizungu, mwanafunzi wa historia anayetafuta habari za wapagazi wale. Anasema huko kwao Ulaya somo hilo limeshuka heshima, hata baba yake alimcheka alipolichagua. Eti ya zamani yamepita, yana kazi gani? Akanionyesha picha kwenye simu: babu wa babu yake, afisa, na nyuma yake wapagazi. Mmoja ana mkanda kifuani, una alama katikati!

Niliruka, mwanangu, na magoti yangu haya! Nikamletea kile kipande. Ngozi ileile, mshono uleule! Binti akapiga kelele, na mimi nikapiga. Jirani muuza viatu akaja mbio kuniuliza mimi mzee kulikoni: "Buda, kwani kumeenda aje?"

"Huenda huyu ni babu yangu!" nikamwambia.

Huenda. Alama ambayo ingeniambia niliikata kwa mkono wangu.

Jana uliniambia unaacha historia kwa kuwa haina kazi. Soma utakacho, sikukatazi. Lakini usikate kitu cha wazee kabla hujauliza ni cha nani, na mzee akianza kusimulia, weka simu chini umsikilize. Njoo Jumamosi, nitakuonyesha hiyo picha, binti aliniachia nakala, na kipande nitakuachia wewe.

Mungu akupe umri mrefu, mwanangu, na ukionyeshwa uso wa babu yako, umtambue.