Nguo ya Mteja

Kwa miaka kumi na tisa mkono wake ulijua sheria moja: nguo ya mteja haikatwi ovyo. Alikuwa fundi cherehani, tena fundi mzuri, mwenye majivuno yake kidogo. Kisha siku moja mama yake akaanguka sokoni. Watu wakamzunguka wakitazama, na yeye mwenyewe akiwa kati ya watazamaji, hajui hata pa kumshika. Baada ya mazishi akajiandikisha chuoni kusomea huduma ya dharura, akiwa na miaka thelathini na minane. Shemeji yake akamkumbusha kwamba samaki mkunje angali mbichi. Akajibu kwamba yeye hajawahi kuwa samaki.

Likabaki juma la mwisho la mazoezi, katika kituo ambacho gari la wagonjwa na gari la zimamoto hulala banda moja. Ijumaa mkuu wa zamu angemsainia fomu, na asiposaini, mwaka mzima unarudiwa. Mkuu mwenyewe kijana wa juzi tu, waliyempa jina la Dakika kwa jinsi asivyobandua macho kwenye saa yake.

Jumatatu walimkuta mwendesha pikipiki amevunjika mguu, damu inamchuruzika. "Kata suruali," Dakika akasema. Fundi akashika mkasi, akautafuta mshono, akaanza kuufuata taratibu, asije akaharibu kitambaa. Dakika akampokonya mkasi.

"Mama, huyu hakuja kupunguziwa suruali."

Watu wa zimamoto walicheka mpaka jioni. Alicheka nao, kisha akaenda chooni akalia. Alipotoka, Dakika alimwambia bila ukali, "Ijumaa nitasaini nilichokiona kwa macho yangu."

Ijumaa asubuhi wakaitwa kwenye moto wa jikoni. Zimamoto walitangulia, wakauzima, wakamtoa mwanamke mmoja na kumkalisha ukingoni mwa barabara, wakimmiminia maji mkononi. Fundi alilitambua gauni kabla ya kuutambua uso. La buluu, limetariziwa maua tangu begani, mkono wake mrefu na wa kubana kabisa. Alilishona yeye. Alipolimaliza alilitundika dirishani siku tatu, ili wapita njia wajue fundi ni nani.

"Fundi, ni wewe?" mwanamke akasema, meno yakigongana. "Mwanangu anahitimu leo. Nilikuwa nachemsha chai tu niondoke. Usiniharibie gauni, nakuomba."

Mkono ulikuwa unavimba huku wakiutazama, na vidole vimeanza kupoteza rangi. Dakika alishapeleka mkasi kwenye mshono.

"Hapo patagoma, mkuu," Fundi akasema. "Huo mshono nimeurudia mara tatu, na ndani kuna utepe. Nipishe."

Dakika akampisha. Fundi akasita kidogo, na asilaumiwe. Hata mpishi humuuma kumwaga chungu alichokipika mwenyewe.

"Nisamehe, dada. Nililishona mimi, acha nilikate mimi."

Akakata katikati ya maua, toka kifundo cha mkono hadi shingoni, mkasi haukusimama. Pale kitambaa kilipogandana na ngozi hakukivuta. Alikizunguka kwa ncha kama anayetoboa tundu la kifungo, akakiacha palepale. Vidole vikaanza kurudiwa na rangi. Mwanamke akalia kwa sauti, na alichokililia ni gauni.

Hospitalini Dakika aliiegemeza fomu ukutani, akatoa kalamu.

"Jumatatu ulishindwa kukata suruali ya mtu usiyemjua."

"Ndiyo, mkuu."

"Na leo je?"

"Leo aliyekuwa akimbana ni mimi."

Dakika akasaini.

Fundi alirudi kitandani kuaga. Mwanamke alikuwa amefungwa bendeji, macho mekundu.

"Vipimo vyangu bado unavyo?"

"Ninavyo vyote. Ila safari hii mkono nitaulegeza."

Mwanamke akacheka kidogo, kisha akauliza ni saa ngapi. Ilikuwa saa nne na nusu, na mahafali yalianza saa nne. Fundi akamwambia kweli. Mlangoni Dakika alitazama saa yake, akasema gari linaweza kungoja kidogo. Fundi akavuta kiti, akaketi, akamshika mkono ule mzima.