Mara ya Ndani Iliyomtoa Saida Shuleni

Ilianza Jumanne, saa tisa na robo alasiri, na kosa ni langu. Nalisema mapema ili usichoke kumtafuta mkosaji katikati ya barua hii ya gazetini. Si Mama Sista, si kitabu, si Kiingereza. Ni mimi, msichana wa miaka kumi na saba, mpole, mnyamavu, ambaye walimu wote humsifu kwa kuwa hana maswali. Sifa nzuri sana hiyo. Hata mbuzi hana maswali.

Nasoma shule ya wasichana ya misheni, hapa hapa uwandani Ufipa, mwendo wa saa moja kwa miguu hadi Sumbawanga mjini. Katika darasa letu la juu tulichaguliwa watano kusoma hesabu za nyongeza, zile ambazo nasikia hata Wazungu wenyewe huzikimbia. Mmoja wa hao watano alikuwa rafiki yangu. Nitamwita Saida, ingawa si jina lake. Baba yake ana duka mjini, na lori moja linaloshuka Kasanga kupeleka unga na maharage na kurudi na dagaa wa ziwani.

Baba huyo hakuona faida ya binti kukaa shuleni mpaka amzidi kimo. Alikuwa amempa Saida muhula mmoja tu. Akizishinda hesabu, ataendelea. Zikimshinda, atakwenda kwa shangazi yake Kasanga akasaidie kuanika dagaa. Alichagua hesabu kwa sababu, alisema, sala na kushona hata nyumbani vipo. Mtihani wa muhula ulikuwa Ijumaa ya wiki hiyo hiyo.

Sasa hiyo Jumanne. Mama Sista, mtawa wa Kizungu anayetufundisha hesabu, hufundisha kwa Kiingereza asubuhi, na saa tisa hurudia kwa Kiswahili, kwa huruma. Kiswahili chake alikisoma kitabuni huko kwao, kwa hiyo kila neno lipo na sentensi haipo. Siku hiyo tulikuwa tunatafuta kasi ya kubadilika kwa kitu kilichofungwa ndani ya kitu kingine: mabano yenye hesabu yake ndani, halafu mabano yote yamebebeshwa kipeo. Akaandika ubaoni (x² − 3)², akatugeukia, akasema polepole kama anayefundisha sala, "Ya nje kwanza, mara ya ndani."

Sikia akili yangu sasa. Tangu darasa la pili nimeimba tatu mara nne kumi na mbili mpaka paa la shule likachoka kunisikia. Lakini alasiri ile, mstari wa nyuma, "mara" niliyoisikia mimi ilikuwa ile ya hadithi: mara simba akatokea. Yaani ushughulikie ya nje, kisha mara! ya ndani nayo igeuke kitu kingine. Kwamba ile ilikuwa mara ya kuzidisha, wazo hilo wala halikunipitia kichwani.

Kuinua mkono nikauliza? Mimi? Mbele ya watu wanne mkono wangu una uzito wa gunia la ulezi.

Basi nikafanya nilivyosikia. Nikashusha kipeo mbele, nikakipunguza moja, kisha nikafuta kilichokuwa ndani ya mabano na kuweka badiliko lake mahali pake. Swali la kwanza kitabuni lilikuwa lile lile la ubaoni, nalo lilitaka jibu pale x ikiwa mbili. Nikapata nane. Nikafungua nyuma ya kitabu kwenye majibu: nane. Lo! Nikajiona nimezaliwa na hesabu tumboni.

Baadaye nilikuja kuona kwamba pale x ikiwa mbili, ndani ya yale mabano hubaki moja. Na moja, uizidishe au uitupe, jibu halijali. Namba zote zilizoko duniani, mimi nikakutana na hiyo, tena hadi swali la sita.

Jumatano Saida akanijia. Yeye hakuwa na haya kama mimi. Kitu kikimshinda alisema kimemshinda. Akasema, "Shoga, ya jana sikuelewa hata chembe. Wewe umeelewa?"

Ningeweza kusema nadhani. Ningeweza kusema twende kwa Mama Sista. Badala yake nikakohoa kidogo, kama wafanyavyo wenye elimu, nikamfundisha kwa mfano wangu mwenyewe, ambao mpaka leo nauona mzuri sana, isipokuwa ni wa uongo.

"Umeyaona matuta ya mama yangu kule Milanzi?" nikamwuliza. "Anakata nyasi, anazifukia kwa udongo, anaondoka. Ukirudi baada ya miezi ukafukua, unazikuta nyasi?"

"Zimeoza."

"Basi mabano ni tuta. Ukishafungua nje, ndani hakuna nyasi tena, kuna mbolea. Futa nyasi, weka mbolea."

Saida, mtoto wa dukani asiyewahi kushika jembe, akacheka mpaka akajishika ubavu. "Kumbe hesabu ni kilimo," akasema. "Ndiyo maana sisi wauza chumvi zinatushinda."

Toka hapo akaniita Mwalimu. Hadi jioni bweni zima lilikuwa likiniita hivyo, nusu mzaha, nusu kweli. Mtu ambaye hajawahi kuitwa kitu isipokuwa "yule wa nyuma", ukimwita Mwalimu umemnywesha pombe. Nikalewa, jamani. Nikatembea bwenini mikono nyuma.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana nikafika swali la saba: (x² + 1)³, pale x ikiwa moja. Nikapata kumi na mbili. Kitabu kikasema ishirini na nne. Kwa unyenyekevu wangu unaojulikana, nikaamua kitabu kimekosea. Swali la nane nalo likakosea. La tisa likakosea. Ajabu kubwa: wachapaji wa Uingereza walianza kulewa kwenye swali la saba na hawakulevuka tena.

Mwenzetu mmoja alikuwa ameacha daftari lake wazi mezani. Nikachungulia. Mama Sista alikuwa amemsahihishia kwa wino mwekundu: ya nje ameiacha na mabano yake kama yalivyo, hakufuta kitu, kando yake ameweka badiliko la ndani, na katikati ya viwili hivyo amechora alama ya kuzidisha. Juu ya alama ameandika neno moja. Mara.

Nikakaa chini. Nyasi hazifutwi. Nyasi zinabaki, na mbolea inazidishwa juu yake. Tuta langu lote lilikuwa limepinduka.

Nikatoka nje kumtafuta Saida. Alikuwa ameegemea ukuta penye jua, maana upepo wa uwandani ulikuwa mkali, anafanya maswali aliyoyanakili, kwa njia yangu. Majibu hakuwa nayo. Kitabu kilikuwa kimoja kwa watu watano, na siku hiyo kilikuwa kwangu, chini ya kwapa. Akaniona, akanyanyua daftari lake. Maandishi mazuri, mistari imenyooka, mbolea kila mahali.

"Mwalimu, nimeyamaliza yote kumi," akasema. "Kesho baba atanijua mimi ni nani."

Nami nikamjibu, "Vizuri."

Basi. Ungamo lenyewe ni hilo neno moja. Kukosea Jumanne nakosea kama mtu yeyote. Kumfundisha Jumatano ni ujinga na majivuno kidogo. Lakini Alhamisi nilikuwa najua, na yeye yuko mbele yangu, na kitabu kiko kwapani, na nikasema vizuri, kwa sababu niliona aibu kuacha kuitwa Mwalimu! Nikajiambia atagundua mwenyewe. Nikajiambia Mungu atamwonyesha. Ni desturi ya wenye haya kumtwika Mungu kazi zao ndogo ndogo.

Ijumaa tukafanya mtihani, dawati moja, mimi na yeye. Mimi nilifanya kwa njia ya kuzidisha. Bila shaka.

Jumatatu Mama Sista akasoma alama. Mimi tisini na mbili. Saida ishirini na nane. Akamsimamisha mbele, akageuza karatasi yake huku na huku, akasema kwa Kiswahili chake kwamba asiyejua hukosea kila namna, lakini makosa haya yote ni ya namna moja, tena safi.

"Nani alifundisha wewe hivi?" akauliza.

Nilikuwa nyuma ya Saida hatua mbili. Nikatazama picha ya Malkia wa Uingereza ukutani. Malkia naye akanitazama, asiseme kitu. Tunafanana.

"Nilijifundisha mwenyewe, Mama," Saida akasema. Hakugeuka hata kidogo.

Alasiri baba yake akaja kumchukua. Wala hakugomba. Alibeba sanduku yeye mwenyewe, akatuaga sote kwa adabu, akasema lori linashuka Kasanga kesho asubuhi. Mimi nilisaidia kukunja blanketi. Msaada mkubwa huo.

Kesho yake asubuhi nilitoka kabla ya kengele, bila ruhusa, nikashika njia ya mjini nikiwa na umande mpaka magotini. Nililikuta lori mbele ya duka, wanamaliza kufunga turubai. Saida amekaa mbele, ushungi umemfunika nusu uso. Baba yake amesimama na fungu la kamba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kumuaga mwenzako?"

Nikamwambia nimekuja kusema. Nikasema yote, ya Jumatano na ya Alhamisi, pale barabarani, wapakizi wakisikiliza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe ulipata ngapi?" akaniuliza.

"Tisini na mbili."

"Hongera, binti." Akaendelea kukunja kamba. Kisha akasema hawezi kubadili neno lake kwa maneno ya mtoto wa barabarani. Mama Sista akimwandikia kwa mkono wake, ataisoma barua atakaporudi Alhamisi. Kwa leo gari haliwezi kungoja hesabu.

Nikaenda dirishani. Nikamwambia Saida nisamehe.

"Niliiona karatasi yako Ijumaa," akasema. "Nikaona umeandika namna nyingine."

"Sasa mbona hukubadilisha?"

"Ningebadilisha, ningekuwa nimeiba." Akavuta ushungi. "Nilidhani utaniambia tukitoka nje."

Lori likaondoka. Simwoni tena dawatini, na hiyo barua ya Mama Sista sijui kama itatosha.

Wewe msichana mpole unayesoma hapa, unayesifiwa kwa kunyamaza, nakuonya: haya yako si adabu. Haya yangu ilinunua sifa, na aliyezilipia ni mwenzangu. Hukusikia, uliza. Umekosea, sema siku hiyo hiyo, wakati kosa bado ni dogo na mtu bado yupo.

Nilirudi shuleni miguu imejaa matope, kipindi cha hesabu kimeshaanza. Mama Sista akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia, mbele ya wale watatu waliobaki, nikamwomba aniandikie barua. Hakunikemea. Alinipa chaki, akasema kwanza niandike ubaoni kama nilivyomfundisha Saida.

Nikaandika, mstari kwa mstari, kosa zima. Hakuna aliyecheka. Nilipomaliza, chini ya mstari wa mwisho nikaandika jina langu, lile ambalo hapa gazetini silitaji, kwa herufi kubwa, ili hata wa mstari wa nyuma walione.