Kombi Lisilokunywa Maji

Utingo wa lori la chumvi alipiga hodi baada ya sala ya isha, akayasema maneno yake mbio mbio kama mtu aliyeacha chungu motoni.

"Mama Hafidha, Kombi lenu limesimama kule Gongoni, karibu na mashamba ya chumvi. Watu wote salama. Limechemka tu. Nimewaacha wanatafuta pa kutia maji."

Lori likanguruma nje, naye akalikimbilia, akadandia nyuma, akaenda zake.

Mwanasiti alibaki mlangoni, mkono ungali kwenye komeo. Watu salama, alhamdulillahi. Lakini hilo neno la mwisho ndilo lililomkalisha kitako ukumbini usiku ule asipate lepe la usingizi. Wanatafuta pa kutia maji! Kombi lile halikuwa na pa kutia maji. Halikuwa na rejeta, halikunywa hata tone; injini yake ilipozwa kwa upepo. Na mtu akiinamia kule nyuma na ndoo yake, akitafuta tundu kwa bidii, tundu atakaloliona ni moja, la kutilia oili. Maji yakimiminwa humo, basi tena.

Kila lori lililopita barabarani lilimwinua kitini. Aliwaona wanaume wa Gongoni kana kwamba wako mbele yake, kila mmoja amejigeuza fundi, kila mmoja na kopo lake. Akamwona Hafidha, bintiye, peke yake katikati yao. "Mwanangu, wakatalie," alisema kwa sauti, na nyumbani hamkuwa na mtu wa kumjibu ila paka.

Kombi lilimjia mwaka wa themanini na tatu, mwaka mmoja nyuma. Kakake, Mahadhi, alipata kazi ya meli, akamtia funguo kiganjani siku ya kuondoka. "Usiliuze, dada. Ukilitunza litakutunza." Mwanasiti alikuwa mjane aliyeishia darasa la nne, mshonaji wa kofia, na gari alilijua kwa kulipanda tu. Sasa alikuwa nalo uani, jeupe lenye mkanda wa buluu, na injini nyuma mahali ambapo magari ya watu huweka mizigo. Majirani walikuja kulitazama, wakakagua mbele, wakakagua nyuma.

"Mwanasiti, hili lanywea wapi?"

"Halinywi."

"Lafunga? Na Ramadhani bado miezi mitatu!"

Basi likaitwa Mfungaji, mtaa mzima.

Aliyemfundisha ni Kaingu, fundi wa Gede, mtu mfupi mwenye kucheka. Mwanasiti aliliogopea lile gari kama mtu anavyoogopea mtoto mchanga: likikohoa, aenda Gede, likitoa moshi, aenda Gede, likinyamaza sana, pia aenda Gede. Mwishowe Kaingu akamwambia, "Mama Hafidha, nauli yako ya kuja huku itamaliza kofia zako zote. Njoo uinamie hapa, uone mwenyewe."

Akainamia. Na huko alikoinamia ndiko alikopotelea. Kaingu alimwonyesha mkanda wa feni, akaubonyeza kwa dole gumba: ukibonyea kidogo ni mzima, ukilegea hivi, ukaze. Akamwonyesha kijiti cha oili: kivute, kifute, kirudishe, kivute tena. Akampeleka ubavuni, pale nyuma juu ya magurudumu, penye matundu marefu kama mbavu za samaki.

"Haya ndiyo masikio yake. Anapumulia masikio."

"Kiumbe gani apumuaye kwa masikio?"

"Huyu wako. Ukiyaziba, atakufa kwa joto. Na pua yako iwe macho. Ukisikia harufu ya oili inayoungua, zima. Usiseme nitafika pale mbele. Zima papo hapo, wala usiwashe mpaka upande huu utazamwe."

"Na wakisema nitie maji?"

Kaingu aliweka spana chini. "Mama, oili ikiingia maji hugeuka nyeupe, kama tui. Siku ukivuta kijiti ukaona tui, mimi usiniite. Mwite mchimba kaburi."

Lakini kilichomfurahisha zaidi ni kupima tapeti, yaani nafasi ya vali za injini. Kazi hii hufanywa alfajiri, injini imepoa baridi kabisa. Unapitisha kibati chembamba kama ukucha kati ya vyuma viwili, kipite huku kikikwaruza, kisikwame wala kisicheze. Kaingu alidhani itamchukua mwanamke yule mwezi mzima kuusikia ule mkwaruzo. Mwanasiti aliusikia mara ya kwanza. Ulikuwa mkwaruzo ule ule wa sindano ipitapo kwenye tundu la kofia ya kushonwa kwa mkono, aliouzoea tangu utotoni. Alirudi Malindi siku ile, Kaingu usukanini, yeye akicheka peke yake, mikono imejaa grisi, buibui limeingia doa, na injini nyuma yake inaimba ta-ta-ta-ta bila kukosea. Yote aliyofundishwa akamfundisha Hafidha, ambaye ndiye aliyepata leseni.

Wa kununa alikuwa shemeji yake, Bwanamkuu, ndugu mkubwa wa marehemu mumewe. Msichana kushika usukani hakukupenda. Kombi lisilokunywa maji hakuliamini. Lakini arusi ya mwanawe ilipofika, na bibi arusi, Hindu, akawa wa kuletwa kutoka Gongoni, gari jingine halikupatikana. Akakubali shingo upande.

"Mpeleke Hafidha. Ila nakwambia, Mwanasiti, likimwacha mkwe wangu njiani, kuna mtu wa Watamu anayetaka kulinunua, nitakuletea mwenyewe hapa mlangoni. Na huyo bintiyo ataketi nyumbani kama wenziwe."

Na sasa limemwacha njiani.

Alfajiri, kabla hajamaliza uradi, Bwanamkuu alikuwa barazani, kanzu imekaa upande.

"Umesikia? Yule utingo alinipitia nami."

"Nimesikia, shemeji. Shikamoo."

"Marahaba. Bibi arusi ameagwa, amepigiwa vigelegele, ametoka kwao, halafu arudi kwa miguu! Usiku! Mimi nitawaambia nini watu wa Gongoni?"

Mwanasiti alikuwa akitia vitu kikapuni: spana, kibati chake, mkanda mpya wa feni, mkebe wa oili. Wakapata lori la chumvi likirudi kaskazini, wakabanana mbele na dereva, kikapu mapajani mwa Bwanamkuu.

"Hiki nacho chanuka nini?"

"Oili, shemeji."

"Nimevaa kanzu ya arusi."

"Basi kishike vizuri kisimwagike."

Dereva akageukia dirishani, mabega yakimtikisika. Wakavuka daraja la Sabaki. Kadiri lori lilivyokaribia Gongoni ndivyo Mwanasiti alivyozidi kusogea mbele kitini, hata paji la uso likagusa kioo. Hofu na shauku vilimchanganyikia hata asijue ni ipi inayomwendesha moyo. Hafidha ameshinda? Hakushinda? Wametia?

"Lile pale!" akapiga kelele, na dereva akakanyaga breki kwa kushtuka.

Kombi lilikuwa kando ya barabara, na kundi la watu limelizunguka. Nyuma yake, mgongo umeegemea mlango wa injini, Hafidha alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, macho mekundu. Ubavuni pake shangazi mmoja wa bibi arusi, mkongojo mapajani, amekesha naye. Mbele yao alisimama Nzai, mwangalizi wa pampu za chumvi, na ndoo ya maji.

"Shikamoo, mayo," Nzai alimwahi Mwanasiti, akimwita mama kwa Kigiriama chake. "Wewe ndiwe mwenye gari? Basi msemeshe binti yako. Mimi ninaendesha injini tangu yeye hajazaliwa. Gari limechemka, lataka maji. Ametufungia mlango, na funguo hatoi."

"Alitaka kulivunja komeo," alisema Hafidha.

"Nilitaka kusaidia!"

"Nikampiga hapa," shangazi akauonyesha mkono wa Nzai kwa mkongojo wake, kama mtu aonyeshaye mpaka wa shamba.

Mwanasiti alichutama mbele ya bintiye. "Hakikuingia kitu, mwanangu?"

"Hata tone, mama. Nilisikia harufu ya oili, nikazima papo hapo. Sikuwasha tena."

"Na kabla ya harufu?"

"Lilikuwa zito. Kama lavuta jahazi."

Mwanasiti aliinua macho kulitazama gari lake vizuri kwa mara ya kwanza tangu afike, akashika mdomo. Kombi lilikuwa limevishwa. Watu wa bibi arusi, kwa kumheshimu mwana wao, walilifunga leso mpya kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, zimekazwa kwa kamba barabara ili upepo usizichukue na kila mtu njiani ayasome maandishi: WIFI KARIBU TUKETI. Leso zilipita sawasawa juu ya yale matundu, kushoto na kulia.

"Wallahi," alisema, kicheko kimemjaa kooni. "Wamemziba masikio!"

"Nani?" aliuliza Bwanamkuu.

"Hili, shemeji! Lapumua hapa! Wamelitia leso puani!"

"Ulisema masikio."

"Yote mamoja!"

Hafidha alijipiga paji la uso. "Mama, niliziona. Niliona haya kuzifungua mbele ya wakwe."

"Hata mimi ningeona haya," alisema Mwanasiti, naye tayari yuko kwenye mafundo, anayafungua kwa meno. Leso zikaanguka. Shangazi akazikunja, akamtazama Nzai kana kwamba yeye ndiye aliyezifunga.

Hafidha akatoa ufunguo kifuani. Mlango wa injini ukainuliwa. Watu wakasogea, Nzai mbele yao wote, akachungulia kushoto na kulia, akalitafuta rejeta kwa macho na asilione. "Kweli hakuna," alisema polepole, akaiweka ndoo chini.

Mwanasiti aliubonyeza mkanda kwa dole gumba. Mzima. Akavuta kijiti, akakifuta kwa ncha ya leso yake, akakirudisha. Akakivuta mara ya pili, akakielekeza kwenye jua lililokuwa likichomoza. Oili nyeusi, yenye kung'aa, safi. Tui hapana.

Akaongeza oili kidogo. Na kwa kuwa injini ilikuwa imelala baridi usiku kucha, na nafasi kama hiyo mtu haiachi, akalala chini juu ya gunia, akapima tapeti zote, Hafidha akimzungushia injini kidogo kidogo. Bwanamkuu alisimama juu yao, ameshika mkebe wa oili mbali na kanzu, asijue auweke wapi.

"Ingia, mwanangu. Washa."

Injini ikakohoa. Ikakohoa tena, ikanyamaza. Mara ya tatu ikashika: ta-ta-ta-ta, sauti moja, haikosei. Mwanasiti alipiga kigelegele kimoja kirefu pale barabarani, grisi hadi viwikoni, na shangazi akakidaka.

Walilirudisha mlangoni kwa kina Hindu polepole, matundu wazi. Bibi arusi alitolewa kwa mara ya pili, amefunikwa gubigubi, na wanawake wakaimba kwa nguvu kuliko jana. Bwanamkuu alitangulia mbele yake kumfungulia. Akauvuta mlango wa ubavuni, ule wa kuteleza. Haukuja. Akauvuta kwa mikono miwili. Nyimbo zikaanza kufifia.

"Uinue kwanza, shemeji," Mwanasiti alimwambia chini chini. "Kidogo tu, halafu urudishe nyuma."

Bwanamkuu alimtazama. Kisha akaupitisha mkono chini ya kitasa, akauinua, na mlango ukateleza hadi mwisho.