Siku Niliyokalia Kiti cha Dripu Bila Dripu

Jamani, aibu hii nimekaa nayo kifuani mpaka imenichosha, leo naitoa, na waliosababisha nawataja, maana nikinyamaza wao wanatembea vifua mbele pale Itetemia kana kwamba mjinga nilikuwa peke yangu.

Wa kwanza ni daktari (jina lake sikulishika, ila ana miwani), aliyeniambia baridi yabisi yangu imetulia, dripu basi, sasa nitajichoma sindano ya paja mwenyewe nyumbani. Akadhani kanipa zawadi. Hakuniuliza chumba kile cha dripu kilikuwa na nini kwangu. Kilikuwa na Mama Kulwa, anayekuja na treni kutoka Bukene, na Bi Tunu wa Mtendeni, tumekaa bega kwa bega, kutwa dawa inadondoka na sisi tunasema watu, tunacheka mpaka sindano zinataka kuchomoka mkononi. Mimi mjane, vidole vimepinda kama tangawizi, nyumbani nacheka na nani? Nikaanza kujichoma, na viungo vikalegea kweli, sikatai, lakini nikishajichoma chumba changu kinanyamaza mpaka natamani kuumwa.

Basi siku ya zamu yao nikaamua niende. Wifi yangu Mwajuma (wa pili huyo) akanikuta mlangoni nimebeba kikapu cha matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, akauliza, "Wifi, safari?" nami nikaona haya kusema naenda hospitali kupiga soga, nikamjibu, "Naenda kwenye dripu," nikashika njia.

Mwajuma anajua dripu niliachishwa, kwa hiyo akajumlisha kichwani mwake kwamba sindano zimeshindwa na mimi ndiyo nakwisha, akampasha jirani yetu Sikudhani, na kumpasha Sikudhani ni sawa na kupanda mnara wa msikiti.

Mimi huku nimekalia kiti changu kilekile, mdomo umejaa viazi, nawaigizia Mwajuma anavyotembea akienda kuomba chumvi, Bi Tunu anafuta machozi, Mama Kulwa anasema, "Acha we, utanimwagia dawa!" mara mlango ukafunguka, kanga tupu, wanawake wa mtaa mzima na chupa za uji, mmoja ameshaanza kulia.

"Wifi," akasema Mwajuma, akinikagua mkono, "dripu yako iko wapi?"

Nikatafuna. Ningefanyaje?

Nesi Perpetua (wa tatu) akanijibia, tena kwa sauti: "Huyu dripu tulishamtoa, mama zangu, huyu kaja kucheka." Halafu akanigeukia: "Dada, kiti ni cha mgonjwa. Humu usirudi."

Nikapita katikati ya chupa zao za uji, nimeinamisha kichwa. Mtaani mpaka leo nikikohoa tu Sikudhani anauliza, "Unaumwa, au unaumwa kucheka?" Hilo nalivumilia. Nisiloliweza ni treni ya Mwanza, ile inayopitia Bukene, ikipiga honi, najua Mama Kulwa anashuka, simu hana, nami mlango wa kuingilia kwake nimeufunga kwa mdomo wangu.

Nimeapa upweke wangu sitauficha tena nyuma ya ugonjwa. Zamu yao ijayo nitakwenda kusimama stesheni, vidole hivihivi, na atakayeniuliza nafuata nini, awe Mwajuma awe nani, nitamwambia kweli: nimemkumbuka mtu.